Buibui wa Fidea na Mbu wa Chooni Kwangu

Nimefundisha Kurani watoto wa kijiji chetu cha Mkunya, huku juu mlimani, zaidi ya miaka thelathini, nimeswalisha, nimeosha maiti, nimepatanisha ndugu waliogombea mipaka ya mikorosho, na katika yote hayo sikumbuki siku niliyotamani ardhi ipasuke inimeze kama siku ile niliposimama mbele ya watu wa kata nzima, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, nikaulizwa mbu nimewatoa wapi, nami ikanibidi kujibu. Jambo hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu wenzangu hulisimulia kila mwaka na kuliongezea chumvi, na ukweli ni kwamba chumvi iliyomo inatosha.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi walipoanza kupanda huku juu na mizani zao, na dawa za mikorosho tulizozoea kugawiwa na chama cha ushirika zikawa za dukani, mwenye nacho anapulizia na asiyenacho anaangalia machipukizi yake yakifyonzwa na wadudu. Ndipo akaja Fidea. Huyu alikuwa binti wa katekista wa Lukuledi, amesoma mpaka chuo kikuu, na utafiti wake wa kumalizia digrii ya pili ulikuwa juu ya buibui wanaoishi kwenye mikorosho na kula wadudu waharibifu. Alipanga chumba kwetu. Mke wangu, Mama Somoe, alimpenda tangu siku ya kwanza kwa sababu aliamka kabla ya jua na alikuwa hachezei maji (na huku kwetu, ambako maji yanateremkiwa bondeni na kupandishwa kwa kichwa, mgeni anayejua thamani ya ndoo moja ni mgeni wa kukaa naye).

Kila asubuhi alitandika shuka jeupe chini ya tawi, akaligonga tawi kwa fimbo, na vyote vilivyoanguka akaviokota kimoja kimoja. Watu walicheka mwanzoni. Mimi sikucheka, kwa sababu sisi buibui tunamheshimu, kwa ajili ya ule utando wa mlango wa pango alimojificha Mtume, ambao kila mtoto wa madrasani kwangu anaujua, na nilifurahi kuona msomi, tena Mkristo, anamshika buibui kwa adabu.

Kulikuwa na aina moja ya kijani, yenye miguu ya rangi ya majani makavu, ambayo ilimkosesha usingizi. Kila mfuko wa mayai alioungojea uanguliwe ulitoa watoto wa kike watupu.

"Mwalimu," aliniambia tukiwa barazani, "ndani ya miili ya wadudu wengine wanaishi bakteria. Hawamdhuru mama. Wamo tu kama wapangaji, na mama akitaga wanahamia kwenye mayai. Ila wapangaji hao hawapendi watoto wa kiume."

"Wanawafanya nini?"

"Wengine wanawaua wakiwa bado kwenye yai."

"Basi hao si wapangaji, mwanangu, hao ni majambazi."

Alicheka, akanieleza namna atakavyowatafuta. Bakteria wenyewe hawaonekani kirahisi, kwa hiyo atamsaga buibui, atatoa vinasaba vyote vilivyomo mwilini mwake, ile wanayoita DNA, kisha mashine ya chuoni kwao itatafuta kama vya bakteria navyo vimo. Nikaona ni elimu nzuri, na nikamshukuru Mungu aliyeficha mambo makubwa ndani ya kiumbe kidogo namna ile.

Sasa, msimu ulikuwa unakwisha na jike mkubwa wa aina ile alibaki mmoja tu, aliyeanguka kutoka kwenye mkorosho wangu nyuma ya nyumba. Fidea alimtia kwenye chupa ya kioo, akafunga mdomo wa chupa kwa kipande cha chandarua. Yeye ilimlazimu kushuka Masasi kufuata spiriti ya kuhifadhia, kisha apitie Kitangari kumaliza kazi nyingine, jumla siku kumi, na barabara ya kuteremka mlima mnaijua, buibui angefika amekufa. Akaniomba nimtunze.

"Siku kumi asile chochote," akasema. "Maji tu, kwa pamba. Nataka tumbo liwe tupu kabisa. Akila mdudu mwenye bakteria, mashine itasoma bakteria wa chakula, nami nitatangaza kwamba ni wa buibui. Ukiniharibia hapo, Mwalimu, sina digrii."

"Atakufa."

"Hafi. Buibui huweza kukaa hata mwezi."

Akanipa daftari alilolipiga mistari: siku, yuko hai, amekula au hakula, saini. Nikamwambia aende kwa amani, kwamba uaminifu ndiyo kazi yangu. (Niliyasema hayo kwa mdomo huu huu.)

Siku mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Kila baada ya swala ya alfajiri nililowesha pamba, nikamtazama, nikaandika "hakula", nikatia saini yenye mkia mrefu kama ninavyotia kwenye vyeti vya ndoa. Siku ya tatu, adhuhuri, nilikuwa nakula ugali na kisamvu, chupa iko dirishani, nikamwona ameinua mguu mmoja wa mbele, anaupapasa mdomo wa chupa, anaushusha, anauinua tena. Nikaacha kutafuna. Huyo ni kiumbe, nikawaza, nimemfungia mwenyewe, na tangu nikiwa mdogo nimefundishwa, kisha nikafundisha wengine, kwamba mnyama uliyemfungia ana haki juu yako ya chakula na maji, na kwamba utaulizwa. Hata mbuzi wa kuchinjwa tunamnywesha kwanza. Nikasema moyoni, mdudu mmoja tu, mdogo, buibui huyu apate nguvu ya kumalizia siku zilizobaki.

Inzi walinishinda. Mzee wa umri wangu hamkamati inzi. Lakini nilikumbuka kwamba chooni kwetu, choo cha shimo chenye giza, mbu hulala ukutani mchana kutwa wamejaa, wazito, hawana haraka. Nikachukua bilauri na kipande cha karatasi. Nikatoka na mbu mmoja. Nikamtia chupani, na kabla sijakaa sawa buibui alikuwa ameshamkumbatia.

Sitawaficha kwamba nilifurahi. Na sitawaficha hesabu niliyoifanya kesho yake nilipofungua daftari. Nilisema: mimi natia saini asubuhi, na asubuhi ya jana alikuwa kweli hajala, na tangu asubuhi hii kweli hajala, kwa hiyo nikiandika "hakula" sijasema uongo. Mwanafunzi wangu angeniletea hoja kama hiyo ningemrudisha alif kwa kijiti, mwanzo kabisa wa masomo. Lakini hoja ilikuwa yangu, nikaikubali, nikatia saini, na adhuhuri nikaenda kutafuta mbu wa pili.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuviringika. Mtu haendi chooni bila kopo la maji, na mimi zaidi, maana ningeonekana naingia mikono mitupu watu wangeuliza mwalimu amekuwaje. Kwa hiyo kila safari nilibeba kopo, na nikishakuwa ndani nikayamwaga, ili kopo litoke tupu kama inavyostahili. Mbu wengine waliniponyoka, ikabidi nirudi mara ya pili, mara ya tatu. Siku ya tano Mama Somoe alinisubiri njiani, mikono kiunoni.

"Baba Somoe, hii ni mara ya nne."

"Ya nne ya nini?"

"Kopo. Maji ya bonde hayo, nimepanda nayo kichwani, na wewe unayamwaga chooni kama tuna mto. Au ni tumbo?"

Ningemwambia ukweli tungecheka wawili na mambo yangeisha. Lakini nilimwona usoni jinsi alivyokuwa tayari kunihurumia, na bilauri yenye mbu ilikuwa imejificha ndani ya mkono wa kanzu.

"Tumbo," nikasema.

Jioni nilinyweshwa majani ya mpera yaliyochemshwa, machungu, bakuli zima, Mama Somoe amesimama ananiangalia mpaka tone la mwisho. Kesho yake asubuhi tena, na jioni tena. Mnaojua dawa ile mnajua kazi yake ni kufunga tumbo, na tumbo langu halikuwa na ugonjwa wowote, basi likafungwa kweli kweli, hata siku ya tisa nilikwenda chooni nikiwa na haja ya halali, nikakaa muda mrefu sana, nikatoka sina nilichofanikiwa ila mbu wawili.

Ule muda mrefu ulihesabiwa. Jirani yangu Mzee Chitanda, ambaye hakuna jambo asilolitania, alinikuta natoka.

"Mwalimu, mlango wa choo chako siku hizi una waumini kuliko mlango wa msikiti."

"Muumini ni mmoja tu, Chitanda."

"Ndiyo, lakini anahudhuria."

Akaenda kuwaeleza wengine, kwa nia njema, najua. Kesho yake, Ijumaa, nikafika msikitini nikamkuta Hamisi, msaidizi wangu, ameshasimama mbele. Akanijia kwa unyenyekevu, akaninong'oneza kwamba wazee wameona nipumzike, maana mtu mwenye tumbo la kuendesha wudhuu wake hauna uhakika, nami nisione vibaya. Nikaswali safu ya pili, nyuma ya kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kusoma. Baada ya swala akainua mikono, akaomba dua ndefu ya kumponya mwalimu wetu tumbo lake, ampe nguvu, amwondolee mateso usiku na mchana. Watu wote wakaitikia amin. Na mimi nikaitikia amin, ningefanyaje, ingekuwa kiburi kutoitikia.

Jioni ile ile, siku ya kumi, Fidea alirudi na spiriti yake. Alimtazama buibui, akasema amevumilia vizuri sana. (Alikuwa amenenepa. Nilitazama pembeni.) Akamtia ndani ya kichupa, akafungua daftari, akasoma kurasa zangu, hakula, hakula, hakula, na saini kumi zenye mikia.

"Ahsante, Mwalimu. Daftari lako ni safi kuliko langu."

Ningeweza kusema hapo. Mama Somoe alikuwa amesimama na bakuli la majani ya mpera. Sikusema.

Miezi ikapita, korosho zikaokotwa, nikarudishiwa nafasi yangu msikitini, tumbo nalo likafunguka kwa rehema za Mungu. Kisha Fidea akaja na mkubwa wake wa masomo, mama mmoja profesa, mfupi, mwenye miwani na sauti ya chini, kwa sababu chuo kilitaka wakulima waelezwe matokeo kabla hayajaandikwa. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Walikuja watu wa Mkunya, walikuja na wa Kitangari, nami nikawekwa kiti cha mbele kabisa kwa kuwa buibui ni wa shambani kwangu. Niliombwa nifungue kwa dua, nikafungua.

Fidea alieleza vizuri, kwa Kiswahili cha kueleweka, kuhusu wapangaji wasiopenda watoto wa kiume, na akina mama wakacheka sana. Akasema mashine imekuta bakteria wale ndani ya buibui, tena kwa wingi. Akasema mwenye hao bakteria huzaa majike, na majike ndio walaji wakubwa wa wadudu, kwa hiyo huenda siku moja mikorosho ikalindwa na buibui pale dawa zinapokosekana. Watu wakapiga makofi. Katika safu ya pili niliona baba yake, katekista, mzee mwenzangu, amekuja kutoka Lukuledi na shati jeupe, anapangusa macho.

Ndipo yule mama profesa akauliza swali lake, taratibu tu, kama mtu anayeomba chumvi.

"Fidea, tuna uhakika gani kwamba bakteria hawakuwa wa chakula alichokula?"

"Hakula siku kumi, Profesa. Hili hapa daftari, na mtunzaji yupo." Akanigeukia akitabasamu. "Mwalimu, tafadhali simama uwaambie mwenyewe."

Nikasimama. Siku ile ile asubuhi nilikuwa nimewafundisha watoto habari za ushahidi. Niliangalia uso wa Fidea, nikaona jinsi anavyonitegemea, nikaona kwamba neno "hakula" lingempa digrii yake pale pale na baba yake angekwenda nyumbani na furaha, na hakuna mtu duniani angejua. Na nikaona pia kwamba angekwenda kuandika uongo wangu kwa jina lake, na uongo huo ungesomwa na watu wa mbali, na wakulima wenzangu wangeuamini.

"Alikula," nikasema.

Profesa akashika kalamu.

"Alikula nini, mzee wangu?" akauliza profesa.

"Mbu."

"Mmoja?"

"Tisa. Siku ya tisa walikuwa wawili, na siku nyingine niliongeza mmoja wa... wa huruma."

Aliandika. Nilidhani yamekwisha. Akainua kichwa.

"Samahani, hili ni muhimu kwa kipimo. Mbu hao uliwatoa wapi?"

Nikatafuta neno la heshima, kwa Kiswahili, kwa Kiyao, hata kwa Kiarabu, sikulipata.

"Chooni," nikasema.

Kwanza alielewa Mama Somoe. Nilimsikia nyuma yangu: "Kumbe kopo." Kisha akaelewa Chitanda, na huyo akikuelewa wewe umekwisha, akasimama juu ya benchi akawaelezea wa Kitangari ambao hawakujua habari za tumbo langu, tangu mara nne za kwanza mpaka dua ya Ijumaa, na kicheko kikaanza upande wa kushoto kikapita uwanja mzima kama moto wa nyasi. Hamisi, aliyeomba dua ile kwa machozi, alikuwa ameinama ameshika magoti. Mtu mmoja akasema, "Sasa tuliomba apone nini?" Mwingine akamjibu, "Tulimwombea mbu wapatikane." Hata profesa alivua miwani akaifuta. Mimi nilibaki nimesimama, maana hakuna aliyeniambia kaa.

Mmoja tu hakucheka. Fidea alikuwa anakusanya karatasi zake, anazinyoosha kingo zilingane, anazinyoosha tena.

Watu walipotawanyika nilimfuata.

"Mwanangu, nimekuharibia."

Akaziweka karatasi chini. "Ungeniambia siku ile niliporudi, Mwalimu, nisingekasirika. Ningetafuta mwingine. Au ungekataa tangu mwanzo kwamba huwezi kumwacha na njaa. Ningekuheshimu zaidi."

"Niliona haya."

"Na leo je?"

"Leo nimeona haya mpaka zimekwisha."

Hapo akacheka, kidogo, akipenga pua kwa leso, na baba yake katekista akaja akanishika mkono kwa mikono miwili. "Kusema 'alikula' pale," akaniambia, "mimi sijui kama ningeweza." Nikamshukuru, ingawa nilijua kwamba yeye asingekuwa amewatafuta mbu tangu mwanzo.

Ikabidi angoje msimu mwingine. Safari hii alipata majike watatu, na aliyewatunza si mimi. Mama Somoe alijitolea mwenyewe. "Hawa nipeni mimi," alisema. "Nimeshawalaza na njaa wanaume waliochelewa kurudi, sembuse buibui." Kwa siku kumi alizitundika chupa chumbani kwetu juu, nisipofika, na nilipopita chini yake alikohoa. Fidea naye alikamata mbu chooni kwangu, mchana, na kopo lake mkononi ili mambo yawe sawa, akawapima peke yao.

Barua ilifika baada ya mvua. Buibui hawakuwa na bakteria wale hata mmoja. Mbu wa chooni kwangu walikuwa nao tele. Kwa nini buibui wale wanazaa majike, aliandika, bado hajui, ataendelea kutafuta, lakini sasa anajua kile ambacho sicho, na wakubwa wake wamesema hilo nalo ni elimu. Digrii alipewa. Tulialikwa Lukuledi kwenye shukrani, tukakaa meza moja na katekista, na kila aliyeletwa kunisalimu aliniamkia, "Shikamoo, mzee," kisha akauma midomo, nikajua ameshasimuliwa. Nikawaitikia marahaba wote.

Tangu hapo nimeweka nadhiri, na mpaka leo sijaivunja: nikiombwa kazi ambayo moyo wangu hautaiweza, nasema siiwezi, pale pale, kabla ya kushika kalamu, hata kama anayeniomba ni mwanangu na hata kama wanaosikiliza watanidharau. Huruma yangu sijaijutia, na Mungu anajua. Saini ndizo ninazozijutia, zote kumi. Na kila nikikumbuka uwanja ule na kicheko kile uso hunichemka, halafu hushukuru kwa moyo wote, kwamba swali lile niliulizwa hapa, na mama mpole mwenye miwani, mbele ya watu waliocheka kisha wakanikaribisha chakula, wala halikungojwa mpaka siku ile ambayo kila mtu atafunguliwa daftari lake na hakuna atakayecheka.